"Kiwango cha Mionzi": Istilahi Moja, Dhana Tatu

Miongoni mwa istilahi ambazo matumizi yake yanastahili kukosolewa bila kuchelewa ni hii ya "kiwango cha mionzi". Imeenea magazetini, katika hati za mizigo na katika taarifa kwa umma, na kila aisomaye hudhani ameielewa. Haja ya kuitazama upya si ya kinadharia tu. Mwezi Julai 2025 huko Namtumbo ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ya Mto Mkuju. Na mwezi huo huo huko Kwala, wilayani Kibaha, ikazinduliwa rasmi bandari kavu ipokeayo makasha kutoka Dar es Salaam kwa reli. (Tuseme kwa kupita tu kwamba "bandari kavu" ni istilahi iliyofaulu: maneno yake mawili yapingana, na bado hakuna anayeuliza maana yake.) Ndani ya makasha huwamo vyakula, na upimaji wa vyakula viingiavyo nchini ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003 ikirithi Tume ya Taifa ya Mionzi ya mwaka 1983. Hivyo karani wa mizigo naye sasa ni msomaji wa istilahi hii.

Mwonzi kwa asili ni mstari wa mwanga, kama ule wa jua upenyao dirishani. Katika sayansi ya atomu neno hili limetwishwa dhana tatu. Ya kwanza ni idadi ya viini vya atomu vinavyovunjika ndani ya kitu kwa sekunde. Kizio chake ni bekereli, yaani kiini kimoja kwa sekunde, na kabla yake kilikuwa kyuri. Ya pili ni nishati iliyofyonzwa na kila kilo ya mwili. Hupimwa kwa grei, na ndiyo inayohesabiwa katika tiba ya saratani kama ile itolewayo Ocean Road. Ya tatu ni makadirio ya madhara ya nishati hiyo kwa binadamu, na kizio chake ni siveti. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliidhinisha bekereli na grei mwaka 1975, na siveti mwaka 1979.

Kubadili kyuri kuwa bekereli ni hesabu tupu: kyuri moja ni bekereli bilioni 37. Mwaka 1986, baada ya ajali ya Chernobyl, Jumuiya ya Ulaya iliweka kikomo cha sesiamu katika maziwa na vyakula vya watoto wachanga kuwa bekereli 370 kwa kilo. Tarakimu hiyo yaonekana ya ajabu mpaka msomaji aigeuze: ni nanokyuri 10 kamili. Sasa tuchukue karani aliye na cheti cha maziwa ya unga kisemacho "kiwango cha mionzi: 9,000", na mbele yake kikomo hicho cha 370. Atauzuia mzigo. Kumbe 9,000 ile ni pikokyuri, sawa na bekereli 333, na mzigo haukuvuka kikomo. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi, kwa kuwa halizuii chochote.

Hata hivyo, hilo ndilo kosa jepesi. Zito ni kudhani kwamba bekereli nayo hubadilishwa kuwa siveti kwa njia hiyo hiyo. Wazee wetu waliopima kwa pishi walijua tofauti hii. Pishi ni vibaba vinne, iwe ya mchele au ya mtama. Lakini ukiulizwa pishi moja itashibisha watu wangapi, huwezi kujibu kabla ya kuuliza ni pishi ya nini na walaji ni nani. Mtu mzima akimeza bekereli 3,700 za sesiamu-137, ambazo ndizo zilizomo katika kilo 10 za chakula chenye kikomo kile, hupata takriban mikrosiveti 48, ilhali ukomo unaoshauriwa kwa mwananchi wa kawaida ni 1,000 kwa mwaka. Akimeza bekereli hizo hizo 3,700 za poloniamu-210 hupata zaidi ya mikrosiveti 4,400. Idadi haikubadilika hata kwa moja. Tena, mwili wa mtu mzima mwenye afya una takriban bekereli 4,000 za potasiamu yake ya asili, na hakuna bandari imzuiayo.

Kwa hiyo twapendekeza "kubadili" kutumike pale tu vizio vinapokuwa vya dhana moja. Kutoka bekereli kwenda siveti tuseme "kukadiria dozi". Dhana ya kwanza tayari ina jina zuri kamusini, nalo ni "unururifu". Limekosa watumiaji tu. Kwa mbili zilizosalia twapendekeza "dozi iliyofyonzwa" na "dozi linganifu". Wako wanaotaka "kipimo" mahali pa "dozi" kwa hoja ya Uswahili wake. Hatukubaliani nao: "kipimo" tayari ni chombo, ni kizio na ni tokeo la kupima, na kukiongezea kazi ya nne ni kurudia kosa lile lile la "mionzi". "Dozi" kila mama aliyetoka zahanati anaijua, na katika "kumaliza dozi" tayari imo fikra ya kitu kinachojumlishwa siku hata siku. "Mionzi" ibaki kwa kile kinachosafiri, wala isiwe jina la kiasi chochote.

Kuhusu utohoaji, bekereli, kyuri, grei na siveti hazina matata. Kizio cha zamani cha dozi iliyofyonzwa, ambacho mia yake ni grei moja, ndicho kigumu, kwani kikitoholewa kwa kanuni ya kawaida huwa "radi", na hati itakayosema mgonjwa amepigwa radi 200 itasomwa vingine kabisa. Hicho twashauri kisitoholewe. Kila kinapokutwa katika vitabu vya zamani kiandikwe moja kwa moja kwa grei.