Kiti Hupimwa kwa Shingo ya Mnyama

Kolandoto iko kaskazini ya mji wa Shinyanga, kando ya barabara iendayo Mwanza. Katika vijiji vya huko mkokoteni wa ng'ombe au wa punda bado ni chombo cha kazi: hubeba pamba, kuni, matofali, madumu ya maji na magunia ya mpunga. Hubeba watu pia. Mgonjwa anayetolewa kijijini kupelekwa hospitali ya kanisa la AIC pale Kolandoto anaweza kuanza safari yake humo. Lakini ukiukagua mkokoteni wa kawaida utaona kwamba fundi alifikiria ekseli, magurudumu, fremu na mbao za ubavuni, akaishia hapo. Kiti hakuna. Mwendeshaji hukalia ubao wa mbele, na abiria hukalia kilichopakiwa.

Katika nchi zilizotumia magari ya farasi, kiti kilikuwa na fundi wake maalumu. Kwa nini huku hakikuzaliwa? Jibu la kwanza ni mbung'o, nzi anayeambukiza farasi na ng'ombe ugonjwa unaowaua. Mwaka 1871 Henry Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla hajafika mbali. Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia nyingine mwaka 1876: alikwenda na ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi akiamini kwamba magari ya maksai yangeweza kupita. Msafara wa mwaka uliofuata ulikwenda na magari yenyewe, ng'ombe wakafa, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Huku Shinyanga mdudu huyo alisumbua kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliweka hapa makao ya utafiti wake, chini ya Charles Swynnerton. Aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, ina jina lake hadi leo.

Basi farasi hakupata nafasi. Mahali mapori ya mbung'o yalipofyekwa, gari lilivutwa na maksai au punda, na hilo lilibadili hesabu yote ya kiti.

Maksai hutembea kilomita 3 au 4 kwa saa. Farasi anayekwenda mwendo wa matiti huweza kufika 12 na zaidi. Nguvu ya mtikisiko gurudumu linapogonga jiwe hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo mwendo ukiwa mara nne, kishindo huwa kama mara kumi na sita. Ndiyo maana mafundi wa Ulaya hawakuweza kukikwepa kiti. Walianza kwa kuning'iniza bodi ya gari kwenye mikanda ya ngozi. Mwaka 1804 Obadiah Elliott wa London alisajili springi zake za bapa za chuma, zilizokaa moja kwa moja kati ya ekseli na bodi. Juu yake kukaja kiti chenyewe: fremu ya mbao ngumu, utepe imara uliosukwa chini, manyoya ya farasi yaliyoshindiliwa, kisha ngozi iliyokazwa kwa vifungo ili manyoya yasihame. Kila tabaka lilipunguza kile ambacho tabaka la chini yake lilishindwa kukizuia.

Mkokoteni wa Shinyanga una tabaka moja tu la namna hiyo, nalo ni upepo ndani ya tairi. Fundi huchukua ekseli ya gari chakavu pamoja na rimu na beringi zake, kisha huichomelea moja kwa moja kwenye fremu bila springi. Kwa mwendo wa maksai uamuzi huo ni mzuri. Springi zingeinua bodi juu zaidi, zingeongeza gharama, na siku ya matofali zingevunjika. Tairi la upepo, ambalo daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alilipatia hataza mwaka 1888, linafanya kazi ya kutosha kwa gunia. Kwa uti wa mgongo wa mama mjamzito halitoshi, hasa kiangazi, udongo mweusi wa mbuga unapokauka na nyayo za ng'ombe kubaki mashimo magumu kama saruji.

Hata hivyo, kinachonisukuma kuandika zaidi ya mtikisiko ni shingo ya mnyama. Gari la magurudumu mawili ni mizani. Ekseli iko katikati, mzigo uko juu yake, na ule mti mrefu wa kuvutia hufika kwenye nira umbali wa kama mita 3. Mwendeshaji wa kilo 70 akikaa mita 1 mbele ya ekseli, anaongeza kilo 23 hivi juu ya shingo za maksai wawili. Hilo linavumilika. Sasa weka abiria watatu wa kilo 60 kila mmoja kwenye ubao wa nyuma, sentimita 80 nyuma ya ekseli. Wanauinua mti kwa nguvu ya kilo 48. Kama mbele hakuna uzito wa kuzuia, nira inapanda, na kamba zinazopita chini ya koo la ng'ombe zinakaza. Anayemwona ng'ombe huyo akisimama hudhani ni mvivu, kumbe anakabwa.

Kimo nacho kina hesabu yake. Mzigo wa kilo 500 ambao kitovu chake kiko sentimita 60 juu ya ekseli, ukipanda mwinuko wa moja kwa kumi, husogea nyuma kama sentimita 6, sawa na kupunguza kilo 10 kwenye nira. Ukirundika magunia na watu juu yake hadi kitovu kifike mita 1.2, badiliko ni kilo 20, na kwenye mteremko uzito huohuo hurudi kumwangukia mnyama. Wajenzi wa magari mepesi ya farasi walilijua jambo hili. Baadhi yao walitengeneza viti vinavyoteleza mbele na nyuma, ili usawa urudi idadi ya abiria inapobadilika.

Kwa punda hali ni mbaya zaidi. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira hupata pa kuegemea. Punda hana. Akifungwa nira ileile ya ng'ombe, kila kilo inayotoka kwenye kiti kibaya hushukia mfupa na ngozi ya shingo, na vidonda hufuata. Punda anahitaji mkanda mpana wa kifuani wa kuvutia, na pedi mgongoni ya kubebea uzito wa mti.

Kwa hiyo kiti kinawezekana, na hakihitaji karakana kubwa. Mahali pake ni juu ya ekseli au kiganja kimoja mbele yake, kikikingama bodi kutoka ubavu hadi ubavu. Mabenchi mawili ya ubavuni, kama ya nyuma ya lori, hayafai: abiria huyumba kila shimo, na wakikosa kulingana uzito, tairi moja hulemewa. Fremu ya mninga, kina cha sentimita 40 na kimo kama hicho kutoka sakafuni, hutosha watu wawili. Juu yake usipigilie ubao. Suka vipande vya tyubu ya zamani, virefu na vya kukingama, kwa mkono uleule unaosuka kitanda cha kamba. Mpira huo ndio tabaka la pili linalokosekana. Egemeo la mgongo liwepo, kwa sababu mvuto wa maksai huja kwa vishindo vya mbele na nyuma, na mtu asiye na pa kuegemea hushika ubavu wa gari njia nzima. Funga kiti kwa bolti nne badala ya kukichomelea, ili siku ya mpunga kitoke.

Mgonjwa wa kulala awekwe kwa urefu wa gari, kiuno juu ya ekseli, kwenye msuko uleule wa tyubu uliorefushwa.

Kabla ya kufunga wanyama, fundi aketishe watu kwenye kiti, gari likiwa mahali tambarare, kisha auinue mti hadi kimo cha nira kwa kutumia mizani ya ndoano ileile inayopimia pamba. Ikisoma kati ya kilo 10 na 20, aachie hapo. Ikisoma sifuri, au mti ukitaka kupaa wenyewe, akisogeze kiti mbele tundu moja la bolti na apime tena.