Mkono wa Mnukuzi: Muhamadi Kijuma na Hati Zetu za Kale

Msomaji wa tendi za kale, ashikapo kitabu kilichopigwa chapa, aghalabu hudhani kwamba anasikia sauti ya mtunzi mwenyewe. Husahau kuwa baina ya mtunzi na mpiga chapa alikuwapo mtu mwingine, yaani mnukuzi, aliyeketi na kalamu yake ya mwanzi akaamua jinsi ya kuliandika kila neno. Katika makala haya nakusudia kumtazama mnukuzi mmoja mashuhuri, Muhamadi Kijuma wa Lamu, na kuonyesha kwamba kumsahau kumeutia uhakiki wetu katika makosa mawili.

Kijuma, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, alikuwa na fani nyingi. Alikuwa mtunzi, mwanamuziki, mchonga milango na bingwa wa hati. Wataalamu wa Ulaya waliotafuta mashairi ya Kiswahili walimtegemea. Alice Werner alipata tungo kwake. William Hichens aliletewa hati Uingereza. Ernst Dammann, aliyefika Lamu katika miaka ya 1930, alirudi Ujerumani na shehena ya maandishi. Kwa hivyo mtafiti afunguaye masanduku ya hati za Kiswahili London au Berlin hukutana mara kwa mara na mwandiko ule ule, ulionyooka na kupambwa kwa ustadi.

Kosa la kwanza ni kuuchanganya umri wa utungo na umri wa nakala. Utungo waweza kuwa wa karne ya kumi na nane, na nakala tuliyo nayo ikawa imeandikwa katika karne ya ishirini. Jambo hili lina uzito kwa sababu ya hati yenyewe. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Tena, wanukuzi wengi wa zamani hawakuitofautisha *p* na *b*, wala hawakuiandika *m* au *n* itanguliayo konsonanti. Herufi mbili za *be* zenye fataha zaweza kusomwa *baba*, *papa*, *pamba* au *bamba*. Mnukuzi wa utungo kama huo hana budi kuufahamu kwanza ndipo aunukuu, na afahamupo huwa amekwisha kuufasiri. Basi mwanaisimu atakayetoa hoja juu ya Kiamu cha miaka mia mbili iliyopita kwa kutegemea nakala ya Kijuma peke yake, huenda ikawa anaeleza lahaja ya Kijuma na wala si ya mtunzi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Liongo. Kisa chenyewe ni cha kale. Edward Steere alikichapisha kwa nathari katika mkusanyo wake wa hadithi mwaka 1870. Lakini utendi usomwao sana juu ya shujaa huyo ni utungo wa Kijuma mwenyewe wa mwaka 1913. Hata hivyo, wapo wanafunzi wautajao kana kwamba ulitungwa zama za Liongo, na kuuchukua kuwa ushahidi wa maisha ya siku zile. Kufanya hivyo ni kumdhulumu Liongo na Kijuma pia. Gereza, mama na mkate wake, mwana na sindano ya shaba: haya yote Kijuma aliyapokea. Kuyapanga katika beti, na kuamua wapi pa kukawia na wapi pa kupita upesi, ni kazi yake. Nani kati yetu amekwisha kuihakiki kazi hiyo kuwa ni ya mtunzi wa karne ya ishirini?

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Wapo wasemao kwamba nakala hizi, kwa kuwa ziliandikwa kwa ujira na kwa matakwa ya wageni, hazina thamani. Hoja hii haisimami. Mlango wa Lamu nao huchongwa kwa ujira. Mwenye nyumba huagiza na fundi hulipwa, na hakuna auitaye mlango huo wa bandia. Tunachouliza ni fundi gani aliyeuchonga, na kwa ajili ya nani. Mnukuzi astahili kuulizwa maswali hayo hayo. Mteja aliyetaka hati nzuri ya kuonekana alipewa mapambo. Aliyetaka maneno alipewa maneno. Yote mawili ni sehemu ya historia ya fasihi yetu.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Mosi, kila mhariri wa utungo wa kale aeleze nakala yake iliandikwa na nani, lini, na kwa ajili ya nani, kabla hajazungumzia maudhui. Pili, wanafunzi wetu wa fasihi wafundishwe kusoma hati ya Kiarabu, kwani asiyeisoma atabaki daima mgeni katika nyumba ya babu zake, akisimuliwa na wengine yaliyomo vyumbani. Kijuma aliandika kwa wino ili tumsome. Itakuwa ajabu iwapo sisi tutakuwa wa mwisho kuutambua mkono wake.