Kila Kipande Kina Kifo Chake: Jinsi Lami Inavyochaguliwa Morogoro

Barabara zinazotoka Morogoro mjini hazikabiliwi na adui mmoja. Barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, inashika njia ya Mikumi, inakatiza mbuga za Mkata zenye udongo mweusi, kisha inapanda vilima vya Iyovi ikibeba malori ya Zambia na Kongo. Njia za Mgeta, Kinole na Matombo zinapanda Uluguru zikibeba bodaboda, fuso za ndizi na mboga, na mvua isiyo na huruma. Jukwaani zote huahidiwa kitu kimoja: kujengwa kwa kiwango cha lami. Kwa mhandisi kauli hiyo bado haijasema kitu. Kabla ya kuchagua tabaka lolote anapaswa kujua kipande hiki kitakufa kwa ugonjwa gani.

Hapa nchini fikra hiyo ilipata kitabu chake mwaka 1999, Wizara ya Ujenzi ilipotoa mwongozo wa usanifu wa tabaka za barabara na vifaa vyake, ulioandaliwa na Maabara Kuu ya Vifaa kwa ushirikiano na mamlaka ya barabara ya Norway. Mwongozo uliigawa nchi katika kanda tatu za hali ya hewa: kavu, ya wastani na ya mvua. Uliupanga udongo wa asili kwa madaraja ya nguvu, S3, S7 na S15. Magari nayo yakahesabiwa kwa uzito wa ekseli zake, si kwa idadi tu.

Hesabu ya ekseli ndiyo inayowashangaza wengi. Kipimo ni ekseli ya tani 8.16, na madhara hukua kwa kipeo cha 4.5, kanuni yenye mizizi katika majaribio ya AASHO yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Ekseli moja ya matairi manne inaruhusiwa tani 10 chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, na tayari inaidhuru barabara mara 2.5 ya ekseli ya kipimo. Ipakie tani 12, madhara yanakaribia mara 5.7. Mzigo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini uharibifu umezidi maradufu. Ndiyo maana mizani, kama ile ya Mikese, ni sehemu ya usanifu: ikilegea, hesabu yote ya unene wa lami inakuwa batili.

Hata hivyo uzito ni nusu tu ya kisa cha TANZAM. Nusu ya pili ni muda. Bitumini hutenda kama asali: ukiigusa haraka inasimama, ukiikandamiza polepole inatiririka, na joto huizidishia ulegevu. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa huikanyaga lami kwa kitambo kidogo mno. Likipanda Iyovi kwa gia ndogo, likinyemelea matuta ndani ya Hifadhi ya Mikumi au likisubiri foleni ya mizani, mzigo uleule unakaa juu ya lami kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni mifereji ya magurudumu.

Mifereji hiyo inasomeka kwa macho. Lami ikiwa imefinywa na kuvimba pembeni mwa mfereji, kosa liko ndani ya tabaka la lami lenyewe: mchanganyiko umetiririka. Mfereji ukiwa mpana, wa kina kidogo na bila uvimbe wa pembeni, ni tabaka za chini zilizoshindwa. Ukiukosea utambuzi huo, utaweka lami mpya juu ya msingi mbovu, au utafumua msingi mzima uliokuwa na afya.

Vipimo vya zamani havikuliona vizuri tatizo hili. Kipimo cha sindano huchukua bitumini ya nyuzi 25 za Selsiasi na kuitazama sindano ya gramu 100 inazama kiasi gani kwa sekunde 5. Bitumini ya daraja 60/70 huruhusu milimita 6 hadi 7. Lakini siku ambayo hewa ya Morogoro inafika nyuzi 33, kanuni ya Superpave, mfumo uliozaliwa na utafiti wa Marekani wa 1987 hadi 1993, inakadiria nyuzi 55 hivi milimita 20 tu chini ya uso wa lami. Mfumo huo huipa bitumini daraja kwa joto la barabara itakakolala, na magari yakiwa ya mwendo wa kinyonga daraja hupandishwa.

Kipimo cha Marshall nacho kina mpaka wake. Sampuli hugongwa nyundo 75 kila upande, na matundu ya hewa yakibaki asilimia 3 hadi 5, mchanganyiko hufaulu. Tatizo ni kwamba malori hayakomi kwenye pigo la 75. Yanaendelea kushindilia miaka nenda rudi, na matundu yakishuka chini ya asilimia 3 kokoto huanza kuogelea ndani ya bitumini. Kwa hiyo sehemu za mpando na foleni husanifiwa kwa kushindilia sampuli kwa nyundo ya mtetemo mpaka ikatae kushuka zaidi, na hata hapo asilimia 3 ya matundu lazima ibaki. Kipimo kimeacha kuuliza kama lami ni nzuri leo. Kinauliza itakuwaje malori yakishaimaliza nguvu.

Ukishuka Mkata, ujuzi huo wote haukusaidii. Udongo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi. Katikati ya barabara, chini ya lami, unyevu hutulia. Pembeni hupanda na kushuka, na ndiko nyufa ndefu zinakoanzia. Vipimo vya maana hapa ni vya mfinyanzi wenyewe: unasinyaa kiasi gani, unavimba kiasi gani ukilowekwa. Tiba ni tuta la juu, mabega mapana yaliyozibwa na mitaro iliyo mbali na ukingo. Kuongeza unene wa lami ni kumwaga fedha mbugani.

Uluguru una ugonjwa wa tatu. Miteremko ya mashariki hukadiriwa kupata milimita 2,900 na zaidi za mvua kwa mwaka. Miamba yake ni naisi iliyooza na kuwa udongo wenye ulanga, madini yaliyochimbwa huko tangu enzi za Wajerumani. Ulanga ukizidi, udongo hudunda badala ya kushindiliwa. Kokoto za naisi zenye kwatzi nyingi nazo hupenda maji kuliko bitumini, hivyo huhitaji chokaa ili zishikane nayo.

Huko magari ni machache, kwa hiyo lami nzito haina kazi. Mwongozo wa barabara zenye magari machache wa 2016 ulileta njia nyepesi zaidi: fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, inayopigiliwa na nyundo ya kilo 8 iangukayo milimita 575. Fundi sanifu anasoma inazama milimita ngapi kwa pigo, na kwa siku moja hupata picha ya nguvu ya barabara iliyopo, kipande kwa kipande, pasipo kusubiri siku 4 za kuloweka sampuli maabara. Lakini nguvu hiyo hudumu kama maji yatakaa mbali. Mwongozo wa SADC wa 2003 unataka mgongo wa barabara uwe angalau mita 0.75 juu ya kitako cha mtaro.

Namna ya kuchagua ilishajaribiwa nchini. Chini ya mpango wa AFCAP uliofadhiliwa na Uingereza, barabara za Bago–Talawanda, Bagamoyo, na Lawate–Kibong'oto, Siha, zilijengwa kwa vipande tofauti: mikanda ya zege, mawe ya kupanga kwa mkono, lami nyepesi za aina mbalimbali, na changarawe pale ilipotosha. Zege likaenda kwenye mpando unaoteleza, si barabara nzima. Lawate, yenye miteremko ya udongo mwekundu, ni ndugu wa karibu wa Mgeta.

Kilomita za lami, basi, ni kipimo kibovu cha kazi. Zinamtunuku anayetandaza kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kumwadhibu anayeweka zege mita 200, lami nyepesi kilomita 3 na kalvati kubwa mahali pamoja. Diwani au mbunge wa Morogoro anayetaka barabara ya kudumu aombe orodha ya vipande, na mbele ya kila kipande kipimo kilichoamua uchaguzi wake. Mstari wenye chaguo lisilo na kipimo ndio wa kuhojiwa kabla mkandarasi hajaletwa.