Waya wa Ukinzani, Koili au Elementi? Uhakiki wa Majina ya Kitu Kimoja

Katika makala haya tunakusudia kuyapima majina ya waya unaopata moto ndani ya pasi, birika, jiko na hita za umeme. Ni kitu kidogo, lakini majina yake ni mengi, na baadhi yake yanaweza kumpotosha mtumiaji. Tumechagua kutolea mifano Mikindani, mkoani Mtwara. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, mwaka 1982, ilianza kuzalisha umeme wa mkoa huo katika muongo wa kwanza wa karne hii. Umeme ulipoongezeka, vyombo vya kupashia joto viliongezeka, na maneno ya kuvitaja yakaja pamoja navyo.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe. Kila waya huuzuia umeme kwa kiasi fulani, na kizuizi hicho hugeuza umeme kuwa joto. Shaba huzuia kidogo, ndiyo maana hutumiwa kusafirishia umeme. Aloi ya nikromu, ambayo kwa kawaida huwa na nikeli sehemu 80 na kromiamu sehemu 20 katika mia, huzuia zaidi ya mara 60 kuliko shaba. Mmarekani Albert Marsh alipewa hataza ya aloi za aina hiyo mwaka 1906. Ubora wake haukomei kwenye joto tu: ikiwaka nyekundu hujifunika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo huikinga isiliwe na hewa. Waya huo hupasha moto pasi ya dobi, huangulisha vifaranga, hukata sponji, na ukiwa bapa kama utepe huziba mifuko ya plastiki ya korosho.

Sasa tuyatazame majina. Jina la mtaani ni koili. Mwenye jiko akienda kwa fundi Mikindani atasema, "Koili imekatika," naye ataeleweka mara moja. Hatuna ugomvi na neno hilo mahali pake. Kasoro yake ni kwamba linataja umbo, yaani waya uliosokotwa, wala halitaji kazi. Mota ya feni ina koili, na kengele ya umeme ina koili. Zote mbili ni za shaba, na hazikusudiwi kutoa joto. Aidha, waya wa kuzibia mifuko haukusokotwa kabisa, lakini kazi yake ni ileile.

Jina la dukani ni elementi. Hili lina kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa neno hilo limekwisha kupewa kazi katika kemia, ambako elementi ni kitu kisichoweza kugawanywa kikemia kuwa vitu vingine. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo akiambiwa kuwa elementi ya jiko ni nikromu, atakuwa na haki ya kubisha, maana nikromu si elementi bali ni aloi. Mwalimu atalazimika kubomoa leo alichokijenga jana.

Jina la kitabuni ni waya wa ukinzani. Hili ndilo sahihi zaidi kwa maana, nalo linastahili kulindwa. Hata hivyo wafasiri wengine, kwa kutaka kurahisisha, huandika "waya unaopinga umeme", na hapo ndipo hatari inapoanzia. Msomaji wa kawaida akisikia kwamba waya unapinga umeme, huelewa kuwa umeme haupiti humo. Basi huufikiria ule uliovikwa plastiki. Wengine hukosea herufi moja wakaandika "waya wa kukinga". Kukinza ni kushindana na kitu kinachopita. Kukinga ni kukilinda kitu kisidhurike. Waya wa fyuzi hukinga: umeme ukizidi, huyeyuka na kuukata. Nikromu haiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 1400 za Selsiasi. Atakayeutia waya wa kukinza mahali pa waya wa kukinga atakuwa ameiondolea nyumba ulinzi wake.

Madhara ya lugha legelege yanaonekana pia katika ukarabati. Jiko la wati 1000 kwenye umeme wa volti 230 lina ukinzani wa omu 53 hivi. Waya ukikatika, na fundi akaondoa sehemu moja ya tano iliyoungua kisha akaunga iliyobaki, ukinzani hushuka hadi omu 42 hivi, na jiko huanza kula wati 1250. Aliyefundishwa kwamba waya "unapinga" umeme hudhani kuwa waya mfupi hutoa joto dogo. Ukweli ni kinyume chake: waya mfupi huupitisha umeme mwingi zaidi, joto huongezeka, na waya huungua mapema kuliko ule wa kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza kila neno lipewe mipaka yake. Ukinzani libaki kuwa jina la sifa inayopimwa kwa omu. Waya wa ukinzani liwe jina la jumla, kwani zipo nyaya za namna hiyo, kama zile za konstantani, zinazotumika katika vipimo na si kwa kupashia joto. Waya wa joto liwe jina la ule wa pasi na jiko. Linataja kazi, na asiyesoma fizikia ataling'amua. Koili libaki kwa umbo, elementi kwa kemia, na kukinga kwa fyuzi.

Fizikia ya sekondari nchini hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali pasi hutengenezwa kwa Kiswahili. Katikati ya hayo mawili amesimama mfasiri wa maelezo ya matumizi, na usalama wa mtumiaji unategemea neno atakalolichagua. Tunawaomba walimu, mafundi na wafasiri wayapime mapendekezo haya kazini mwao. Penye jina bora zaidi, tutafurahi kulipokea.