Kuusoma Uzee wa Vikombe vya Umeme

Vikombe vya umeme, yaani vihami vinavyoshika waya kwenye mnara, havizeeki kwa namna moja, na kasoro ya ukaguzi mwingi ni kuvitazama vyote kwa darubini ileile. Cha kioo kilichoimarishwa kwa joto maalumu hakina siri: kikiharibika, sahani yake hupasuka yote na kubaki kichwa. Fundi aliye chini ya mnara huhesabu mapengo. Kichwa kile bado hubeba waya, hivyo matengenezo yanaweza kupangwa.

Kauri ni msiri. Ufa huweza kuanzia ndani ya kichwa, palipo na saruji inayoishikanisha na chuma, huku nje ikiendelea kung'aa. Siku umeme ukiruka kwenye mnyororo wa vikombe, mkondo hupenya ufa huo, kichwa hupasuka na waya huanguka. Ndiyo maana kauri hupimwa kwa umeme wenyewe: laini ikizimwa, kwa mega, yaani kipima uhami; ikiwa hai, kwa kijiti cha kuhami kinachosoma volti za kila kikombe. Hapo mpimaji asikurupuke. Mnyororo haugawi volti sawasawa. Kikombe kilicho jirani na waya hubeba fungu kubwa kuliko vya katikati. Kila kimoja kilinganishwe na mwenzake wa nafasi ileile kwenye mnyororo mwingine usio na kasoro.

Kwa raba ya silikoni, kifaa cha maana ni chupa ya kunyunyizia maji. Sifa ya silikoni ni kuyakataa maji: hukusanyika matone, hayatandazi utando ambao, ukichanganyika na chumvi, hupitisha mkondo. Taasisi ya STRI ya Uswidi ilitoa mwaka 1992 mwongozo wa kuipima sifa hiyo. Unanyunyiza sekunde 20 hadi 30, ukiwa umbali wa sentimita 25 hivi, kisha unaamua ndani ya sekunde 10. Matone ya duara yaliyojitenga ni daraja la 1. Utando uliofunika eneo lote ni la 7. IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, baadaye iliuingiza mtindo huu katika maelekezo yake. Kwa bei ya chupa, sijui kipimo kingine cha msongo mkubwa kinachosema mengi hivyo.

Lakini silikoni hupona. Mafuta mepesi yaliyo ndani yake hupanda juu na kulivika hata tabaka la vumbi, ilhali unyevu wa muda mrefu na cheche huipokonya silikoni sifa ya kuyakataa maji kwa muda. Ukipima baada ya mvua za siku kadhaa, unaweza kukitangaza kizee kikombe kilichochoka tu. Kisahani kimoja nacho hakitoshi: upande unaopigwa na upepo wa bahari na ule wa pili huweza kutofautiana.

Chupa pia haioni kiini. Maji yakipenya kwenye kingo za chuma hadi kwenye fimbo ya fiba, asidi huila, nayo hukatika ghafla chini ya mzigo wa kawaida. Huko hutakiwa kamera ya joto, ikitumiwa kabla ya jua kuchomoza, na kamera ya urujuanimno inayoonyesha cheche hata mchana.

Kwa hiyo, wakaguzi wa laini za mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara, msiandike daraja peke yake. Andikeni pia kisahani, upande ulioelekea bahari na siku ya mvua ya mwisho. Bila hayo, kipimo cha mwakani hakitakuwa na cha kulinganishwa nacho.