Mkono wa Thorvaldsen

Bertel Thorvaldsen alizaliwa Copenhagen mwaka 1770. Baba yake alikuwa mchonga mbao kutoka Iceland. Aliingia Chuo cha Sanaa cha Mfalme angali mtoto, akapata nishani kubwa ya dhahabu mwaka 1793, na mwaka 1797 akawasili Roma, alikofanya kazi takriban miaka arobaini. Sanamu ya Jason, ambayo kielelezo chake alikimaliza mwaka 1803, ndiyo iliyomjulisha kwa watu. Thomas Hope, tajiri aliyekaa London, aliagiza achongewe kwa marumaru, akaipokea mwaka 1828.

Wengi humsifu Thorvaldsen kwa ulaini wa marumaru yake. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya sifa hiyo yawastahili wengine. Yeye alifinyanga kwa udongo. Umbo la udongo likageuzwa la plasta. Kisha, mara nyingi, wasaidizi wa karakana wakakata jiwe kwa kufuata vipimo vya plasta ile. Atakaye kuujua mkono wake na atazame kwanza vielelezo hivyo, katika jumba la makumbusho lenye jina lake lililofunguliwa Copenhagen mwaka 1848, miaka minne baada ya kufa kwake.

Lakini jambo linalodai hukumu nzito zaidi ni sanamu za hekalu la Aphaia, kisiwani Aegina, zilizofukuliwa mwaka 1811 na kununuliwa na Ludwig, mrithi wa kiti cha Bavaria. Baina ya 1816 na 1818 zilitengenezwa Roma chini ya uangalizi wake. Palipokosa kichwa pakatiwa kichwa, palipokosa mkono pakaungwa mkono, hata ikawa vigumu kutenga cha kale na kipya. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Munich waliviondoa viungo hivyo.

Tunaoshughulika na miswada twalijua tatizo hili. Mhariri akutaye ubeti ulioliwa na mchwa aweza kuujaza kwa vina na mizani. Kosa lake huanza anapoficha alipojaza. Ndilo kosa la Thorvaldsen. Hata hivyo waliomwondoa hawakuturudishia kilichofukuliwa, maana mivunjiko ilikuwa imekwisha kusawazishwa ili ipokee viungo vipya. Kilichobaki si cha 1811 wala cha 1818. Mhariri wa kwanza asipoweka alama, wa pili hana njia ya kurudi.