Masafa ya Treni Hutafutwa kwa Hesabu na Ushahidi

Anayetaka kusikiliza mawasiliano ya treni za Marekani hushawishika kuiacha skana izunguke mawimbi yote mpaka inase sauti. Huko ni kujichosha, maana reli zenyewe zimeshapunguza eneo la kutafuta. Chaneli zao za sauti zimejikusanya katika ukanda mwembamba wa VHF, kuanzia megahezi 160.215 hadi 161.565, zikipishana kwa kilohezi 15 na kuhesabiwa kutoka 7 hadi 97. Ukiijua namba, masafa unayapata kwa kukokotoa. Chaneli 46 iko hatua 39 juu ya chaneli 7. Zidisha 39 kwa 0.015 upate 0.585, jumlisha na 160.215, jibu ni 160.800. Hiyo ndiyo chaneli ya njia kuu inayopita Altoona, Pennsylvania, ambayo kampuni ya reli ya Norfolk Southern iliirithi kutoka kampuni ya Conrail.

Mtu atauliza: kwa nini tuhangaike ilhali orodha za masafa zipo? Orodha huchakaa. Conrail iligawanywa mwaka 1999 kati ya Norfolk Southern na CSX, na mabadiliko kama hayo huacha majina ya zamani kwenye karatasi. Orodha basi ni dai linalohitaji shahidi, na shahidi bora ni mtambo wa kukagua treni ulio kando ya njia. Treni ikishapita, mtambo hutamka wenyewe jina la reli, namba ya maili, kama kuna hitilafu, na mara nyingi idadi ya ekseli. Linganisha maili hiyo na ramani, na masafa yanajulikana ni ya njia ipi. Sauti ya mwongozaji wa safari haitoshi kuthibitisha hilo, kwa sababu yeye huketi mbali sana na sauti yake hurushwa na minara.

Pingamizi zito zaidi ni dijitali: reli za Marekani zimechagua mfumo wa NXDN, ambao skana ya analogi haiusomi. Hata hivyo kinachopitwa na wakati hapo ni chombo, kwa kuwa mpangilio wa chaneli bado ndio pa kuanzia. Tena si kila ushahidi ni maneno. Kwa reli nyingi, kifaa cha mkia wa treni hutuma data kwenye megahezi 457.9375 kwa nguvu ndogo. Ukikinasa, treni iko karibu hata redio za sauti zikiwa kimya. Anayeanza na mpangilio kisha akadai uthibitisho wa mahali atajua anamsikiliza nani, na hilo lina thamani kuliko wingi wa sauti zisizo na mwenyewe.